Kioo Gani cha Televisheni Kinamfaa Mfanyakazi?



Kila mwisho wa mwaka, wakati fedha za likizo na gawio la chama cha kuweka na kukopa zinapotoka, ofisi yetu hupokea wanachama wanaouliza jambo ambalo halimo katika mkataba wowote wa kazi: wanunue televisheni ya namna gani? Huja na karatasi za matangazo ya maduka ya Kampala na Jinja zilizojaa herufi kubwa: LCD, LED, QLED, OLED, 4K. Sisi si wauzaji wala mafundi. Lakini fedha hizo ni jasho la shambani na la mashineni, na wako wenzetu waliokatwa mshahara mwaka mzima kwa ajili ya herufi moja tu iliyoongezwa juu ya sanduku. Kwa hiyo tumeonelea vema tulieleze jambo hili kadiri tunavyolijua.

Kwanza tuseme wazi kwamba nyingi ya herufi hizo ni kitu kimoja. Televisheni ya LCD ina kioo cha tabaka mbili, na katikati yake umo utandu mwembamba wa majimaji maalum. Nyuma ya kioo kuna taa. Umeme unapoyagusa majimaji hayo, kila nukta ya kioo hufunguka au hufunga mwanga wa taa ile, mithili ya vibao vya dirisha la ghala. Zamani taa za nyuma zilikuwa mirija myembamba ya floresenti. Siku hizi ni vitaa vidogo vya LED vilivyopangwa kwenye vipande virefu. Basi televisheni inayoitwa LED ni LCD ile ile iliyobadilishwa taa. Mabadiliko hayo ni mema, kwa sababu yanapunguza matumizi ya umeme na unene wa mashine, lakini muuzaji asikwambie kwamba kioo chenyewe ni cha aina mpya. QLED nayo ni LCD yenye taa za LED, iliyoongezewa utando wa chembe ndogo mno zinazoifanya rangi iwe safi zaidi. Ni nzuri kwa mwenye ziada.

OLED ndiyo iliyo tofauti kweli. Haina taa nyuma. Kila nukta huwaka na kuzima yenyewe, na kwa hiyo cheusi chake ni cheusi hasa. Bei yake ni kubwa, na picha isiyosogea, kama nembo ya kituo, ikikaa muda mrefu yaweza kuacha alama ya kudumu. Hiyo tuiache.

Jambo ambalo matangazo hayasemi, na ambalo kwetu lina maana kuliko herufi zote hizo, ni kwamba vioo vya LCD vyenyewe viko vya namna mbili kubwa: VA na IPS. Kioo cha VA kina weusi mzuri zaidi na hupendeza sana usiku taa ya chumba ikizimwa, lakini mtazamaji akikaa pembeni rangi hupauka. Kioo cha IPS weusi wake ni wa kijivujivu kidogo, ila huonekana vizuri hata na aliyekaa pembeni. Sasa fikirini nyumba zetu za kambini. Chumba ni kimoja, kitanda upande huu, benchi upande ule, na siku ya mpira watoto wa jirani wamejaa mlangoni. Nani kati yao anakaa mbele ya kioo? Baba mwenye nyumba peke yake. Kwa nyumba ya namna hiyo sisi tungechagua IPS. Mwenzetu anayeishi peke yake na kutazama kutoka kitandani achukue VA.

Mara nyingi sanduku halitaji aina hiyo, lakini si lazima lilitaje. Dukani omba televisheni iwashwe, kisha usisimame mbele yake. Nenda pembeni kabisa, pale watakapokaa wageni wako, utazame nyuso za watu kwenye picha. Zikipauka kama zilizopakwa majivu, umekwisha jua.

Tuje kwenye mitumba. Mwaka 2009 Serikali ya Uganda ilitangaza katika bajeti marufuku ya kuingiza televisheni, friji na kompyuta zilizokwisha kutumika, lakini za kuuziana mkono kwa mkono zipo. Ile ya chogo, yenye mgongo mnene, hupatikana kwa bei ya kutupa. Ni ngumu, haivunjiki ovyo, na picha yake ni sawa pande zote. Hata hivyo vituo vya televisheni vimehamia mitambo ya dijitali (tarehe iliyowekwa kimataifa ilikuwa 17 Juni 2015), na chogo haiwezi kuvipokea bila king'amuzi, yaani dekoda. Piga hesabu ya vyote viwili. Tena ndani yake hubaki umeme mkali hata baada ya kuchomolewa, na kioo chake kina madini ya risasi. Asiye fundi asiifungue, na ikivunjika watoto wasichezee vipande.

Ya plasma tunaikataa moja kwa moja. Ilikuwa na picha nzuri mno, lakini viwanda vikubwa viliacha kuitengeneza kufikia mwaka 2014, na vipuri vyake ni taabu. Mwenzetu mmoja wa kiwandani alinunua ya inchi 42 kwa furaha kubwa, akidhani ameokota embe chini ya mnazi. Baada ya wiki mbili mkewe alikuwa akiuliza tokeni za Yaka zinakwenda wapi.

Zinakwenda hivi. Televisheni ya LED ya inchi 32 hutumia kiasi cha wati 40. Ukiitazama saa 5 kila siku, kwa mwezi ni uniti 6. Chogo ya inchi 21 ya wati 80 itakula uniti 12. Plasma ya wati 250 itakula uniti 37 na nusu. Na wote mnajua kwamba uniti 15 za kwanza za mwezi zimekuwa zikiuzwa kwa bei nafuu kwa nyumba za kuishi. Wati zimeandikwa mgongoni mwa mashine. Zisome kabla ya kulipa. Walioko kwenye mashamba ya chai wanaotumia sola watafute ile inayokwenda kwa volti 12 moja kwa moja, maana kuugeuza umeme wa betri kuwa wa ukutani hupoteza sehemu yake njiani.

Kuhusu ukubwa, inchi hupimwa kutoka pembe hadi pembe, na 32 zinatosha chumba cha kukaa mita mbili na nusu. Kwa ukubwa huo 4K ni fedha ya bure. Kutoka mbali hivyo jicho haliioni tofauti. Afadhali uhakikishe mashine ina kipokezi cha dijitali cha T2 ndani yake, usilazimike kununua dekoda kwa vituo vya bure.

Ugonjwa wa kawaida wa televisheni za LED ni vile vitaa vya nyuma kufa: sauti ipo, picha hakuna. Fundi hubadilisha vipande hivyo bila gharama kubwa. Ukipunguza mwanga wa nyuma kwenye mipangilio, vitaishi zaidi. Lakini kioo kikipasuka usitengeneze, kwa kuwa bei ya kioo kipya hukaribia ya televisheni nzima. Nunua pia kile kifaa cha kukinga umeme unaporudi kwa kishindo.

Limebaki la mkopo. Tuseme televisheni inauzwa shilingi 450,000 taslimu, na mwenye duka anakupa kwa shilingi 55,000 kila mwezi kwa miezi 12. Jumla ni 660,000. Hizo 210,000 zilizozidi hazikuongeza hata nukta moja kwenye kioo. Ulizeni kwanza riba ya chama chetu cha kuweka na kukopa, na msitie sahihi karatasi ya kukatwa mshahara kabla jumla haijaandikwa juu yake kwa tarakimu.

Siku ya kununua, iwasheni pale pale dukani kwa robo saa. Tafuteni picha nyeupe tupu ili mwone kama kuna madoa meusi au mistari iliyosimama. Kisha hakikisheni namba iliyoandikwa kwenye risiti na kwenye kadi ya dhamana ni ile iliyo mgongoni mwa televisheni yenyewe, si ile ya sanduku tu.