Lenzi ya Kuvuta Mbali kwa Picha za Ukumbini: Tuangalie Nini Kabla ya Kununua?



Mwaka jana mafrateri wa kamati ya habari tulipewa kazi ya kupiga picha za tamasha la kwaya na maigizo, usiku, katika ukumbi wa seminari. Tulipiga picha zaidi ya 400. Asubuhi tulipozifungua kwenye kompyuta, zilizofaa hazikufika 20. Kilichotuuma zaidi ni kwamba mwalimu wa kwaya, mzee wetu, alikuwa akiongoza kwa mara ya mwisho kabla ya kupumzika. Aliomba picha moja tu ya kuweka sebuleni kwake. Katika kila picha mikono yake ilikuwa kama moshi, na uso haukutambulika vizuri. Tulipokwenda kumwomba radhi, alicheka akasema, "Basi, wanangu, mjifunze."

Mwaka huu Baba Gombera ameturuhusu kutumia sehemu ya fedha za mradi wa nguruwe kununua lenzi. Hizo ni fedha za jasho la wengi, hivyo tulikaa chini kujifunza kabla ya kwenda dukani. Haya ndiyo tuliyoyapata, na tunaamini yatazisaidia pia parokia zinazopiga picha za kwaya na michezo ya kuigiza.

Kosa lilikuwa wapi?

Katika falsafa tunazoezwa kutofautisha mambo kabla ya kujibu swali. Picha "mbaya" za usiku zina magonjwa mawili tofauti. La kwanza ni mtikisiko wa mkono wa mpiga picha: hapo picha nzima huwa na ukungu, hata ukuta na viti. La pili ni mwendo wa anayepigwa: viti vinaonekana vizuri, lakini mikono ya mwimbaji imefutika. Sisi tulikuwa na yote mawili.

Lenzi yetu ya zamani ni ya milimita 75 hadi 300, na ukiivuta hadi mwisho, tundu lake haliwezi kufunguka zaidi ya f/5.6. Tulipoweka ISO 3200, kamera ilihitaji kufungua shata kwa sekunde 1/30. Kwa kazi hiyo muda huo ni mrefu mno. Mwimbaji aliyetulia anahitaji walau 1/125, na anayecheza au kupunga mikono anahitaji 1/250 au zaidi.

Namba ya f ina maana gani?

Namba hii hupatikana kwa kugawanya urefu wa lenzi kwa kipenyo cha tundu linalopitisha mwanga. Ndiyo maana namba ndogo humaanisha tundu kubwa. Lenzi ya milimita 200 yenye f/4 inahitaji tundu la milimita 50, yenye f/2.8 inahitaji milimita 71 hivi. Kutoka f/5.6 hadi f/4 mwanga unaongezeka mara mbili, na kutoka f/4 hadi f/2.8 mara mbili tena.

Sasa tupige hesabu ya ukumbi wetu. Pale tulipopata 1/30 kwa f/5.6, tungekuwa na f/2.8 tungepata 1/125. Tukipandisha ISO hadi 6400, tunafika 1/250. Chengachenga zitaongezeka kidogo, lakini picha yenye chengachenga bado inamwonyesha mtu. Picha iliyofutika haiponi.

Hesabu hiyo hiyo inaeleza kwa nini lenzi hizi ni ghali na nzito: vioo vyake ni vikubwa. Canon 70-200mm f/2.8 ya mwaka 1995, isiyo na kituliza mtikisiko, ina uzito wa takriban kilo 1.3.

Je, kituliza mtikisiko hakitoshi?

Wauzaji hukisifu sana kifaa hiki, nacho ni kizuri. Lakini kinatibu ugonjwa wa kwanza tu. Kinatuliza mkono wako, hakimtulizi mwimbaji. Lenzi ya f/5.6 yenye kituliza itakupa viti vikali na mikono iliyofutika. Kama fedha hazitoshi vyote viwili, nunua f/2.8 isiyo na kituliza, kisha tafuta stendi ya mguu mmoja.

Umbali gani?

Pima ukumbi kwa futi kamba. Kwa kamera yenye kihisi kidogo kama yetu (Canon ya APS-C), milimita 200 ukiwa mita 20 na kamera ukiishika wima, unamjaza mtu mzima aliyesimama. Ukiwa mita 10, unampata kuanzia kiunoni hadi kichwani. Kwa hiyo hatukuwa na haja ya milimita 300. Tulihitaji kusogea mbele.

Wenye bajeti ndogo wafikirie lenzi isiyovuta ya milimita 85 f/1.8. Inapitisha mwanga zaidi ya mara mbili ya f/2.8, ni nyepesi, na bei yake ni nafuu zaidi. Gharama yake ni miguu yako: lazima ukae karibu na jukwaa.

Ukinunua iliyotumika

Mulika tochi ndani ya vioo. Nyuzi kama za utando wa buibui ni kuvu, na hupatikana sana kwenye lenzi zilizokaa mahali penye unyevunyevu. Zungusha pete ya kuvuta usikie kama inakwaruza. Piga picha kwenye tundu kubwa kabisa, kisha uikuze. Hakikisha pia lenzi inaoana na kamera: lenzi za Nikon za zamani zisizo na mota ndani hazijifokasi zenyewe kwenye kamera kama D3000 na D5000.

Siku ya tamasha

Usitumie flashi, inawasumbua waimbaji, na kutoka mita 20 haisaidii sana. Pima mwanga usoni, maana mandhari nyeusi ya jukwaa huidanganya kamera, ikazifanya nyuso na mavazi meupe vichomeke. Kama taa za tyubu zinaleta mistari kwenye picha, shusha shata hadi 1/100, kwa kuwa kwa umeme wetu wa hezi 50 taa hizo hupepesa mara 100 kwa sekunde. Na mwimbaji akifika mwisho wa sauti ndefu, kuna nukta anatulia. Bonyeza hapo.

Sisi tumeamua: 70-200 f/2.8 iliyotumika, isiyo na kituliza, pamoja na stendi ya mguu mmoja. Fedha zilizobaki zimerudi kwenye mradi. Mzee wetu tumemwalika kwenye tamasha lijalo, naye amekubali kuongoza wimbo mmoja. Tutakaa mita 10 kutoka jukwaani.