Sahihi Isiyokaguliwa ni Wino Mtupu

Mtu apitaye Kariakoo asubuhi, kutoka Mtaa wa Msimbazi hadi Mtaa wa Kongo, huona karatasi zikipita mikononi kama zipitavyo noti. Ni stakabadhi. Ndugu aliyevuka bahari kutoka Unguja au Pemba kuja kununua vitenge, sufuria na vipuri, hufunga mzigo wake, akaitia stakabadhi mfukoni na kushika njia ya bandarini. Karatasi hiyo ndogo ndiyo shahidi wake mbele ya kila ofisa atakayemsimamisha.

Zamani shahidi huyo alikuwa muhuri na sahihi ya kalamu. Sote twajua udhaifu wake: muhuri huchongwa, na sahihi huigwa na kijana yeyote mwenye mkono mwepesi. Leo sehemu kubwa ya kazi hiyo imehamia katika kompyuta. Stakabadhi za mashine za kodi, zilizoanza kutumika nchini mwaka 2010, hubeba tarakimu ambazo mnunuzi aweza kuzihakiki katika mfumo wa Mamlaka ya Mapato. Na katika mfumo wa malipo ya Serikali, ule utoao namba za malipo, taarifa zinazopita kati ya taasisi na mabenki hutiwa sahihi ya tarakimu. Kwa hiyo jambo lililoonekana kuwa la wataalamu peke yao sasa linamgusa mchukuzi wa mizigo na mwenye jahazi. Hapana budi sote tulielewe.

Elimu yenyewe si ngeni. Mwaka 1976 wataalamu wawili wa Marekani, Whitfield Diffie na Martin Hellman, walieleza wazo la funguo mbili zinazokwenda pamoja. Mwaka uliofuata Rivest, Shamir na Adleman wakaonyesha njia ya kulitekeleza. Mwenye barua ana ufunguo wa siri, ambao hampi mtu. Kwa huo huitia barua sahihi. Ufunguo wa pili ni wa hadhara, na kila mtu aweza kuwa nao. Kwa huo huikagua sahihi. Ikibadilishwa herufi moja tu ya barua, au tarakimu moja ya fedha, sahihi hukataa. Sahihi hii haifanani na ya kalamu, ambayo ni ileile katika kila karatasi. Hii huzaliwa upya kwa kila barua, wala haiwezi kung'olewa hapa ikabandikwa pale.

Lakini tunasema wazi: sahihi haijilindi yenyewe. Thamani yake yote imo katika ukaguzi. Na hapo ndipo hata mafundi wakubwa wa dunia walipoteleza.

Watengenezaji wa programu hawaandiki hesabu hizi upya kila siku. Hutumia maktaba, yaani makusanyo ya maagizo ya kompyuta yaliyokwisha kuandikwa na wengine. Maktaba moja inayotumika mno duniani ni OpenSSL. Ndani yake mlikuwa na kazi ya kukagua sahihi, nayo ilitoa majibu ya aina tatu: moja, maana yake sahihi ni njema, sifuri, maana yake sahihi ni mbaya, na moja kasoro, maana yake nimeshindwa kukagua. Januari 2009 ilitangazwa kwamba sehemu kadhaa za programu zilikuwa zikiuliza tu kama jibu si sifuri. Basi aliyeleta sahihi iliyoharibika kwa makusudi, hata mkaguzi akashindwa kuisoma, alipitishwa kama mtu mwema. “Nimeshindwa” ilihesabiwa kuwa “ndiyo”.

Kisa cha pili ni cha juzi tu. Katika Java, toleo la 15 hadi la 18, iligunduliwa kwamba aina moja ya ukaguzi iliikubali sahihi iliyoandikwa sifuri tupu, kwa barua yoyote na kwa ufunguo wowote. Ni sawasawa na karani kupokea karatasi isiyo na sahihi, akaigonga muhuri kwa kuwa hakuona kosa ndani yake. Marekebisho yalitolewa Aprili 2022.

Mafundi wengine wamejifunza. Ziko maktaba, kama PyNaCl, ambazo hupokea barua pamoja na sahihi yake, na huirudisha barua pale tu sahihi inapothibitika. Isipothibitika, kazi husimama. Kwa kazi hiyo mtumiaji harudishiwi barua kwanza akaahidi kukagua baadaye. Huo ndio utaratibu tunaoutaka katika ofisi zetu: ukaguzi uwe mlango wa kupitia, usiwe pambo la ukutani.

Mafunzo haya yana maana gani kwa mitaa ya Kariakoo? Wasomaji hawajasahau kwamba Mei 2023 wafanyabiashara wa hapo walifunga maduka yao kwa malalamiko ya kodi na ya kusumbuliwa na wakaguzi, hata Waziri Mkuu wa wakati huo, Ndugu Kassim Majaliwa, akakutana nao katika viwanja vya Mnazi Mmoja. Juni 2024 maduka yakafungwa tena. Penye mashaka juu ya karatasi, mnyonge husumbuka na mjanja hupenya.

Kwa hiyo twapenda kuwakumbusha maofisa mambo matatu.

Kwanza, “nimeshindwa kukagua” si “ndiyo”. Mtandao ukikatika, mtambo usiachie fedha wala kibali. Lakini vilevile si “hapana”. Msafiri wa Pemba ambaye stakabadhi yake haikusomeka kwa kuwa mtambo wa ofisi umelala, hajawa mwizi. Huyo aandikiwe namba yake, ihakikiwe kwa njia nyingine, na asizuiwe gatini hadi mzigo wake uachwe na chombo. Kumhukumu mtu kwa udhaifu wa mtambo ni dhuluma, nayo hufungua mlango wa rushwa.

Pili, sahihi njema haimaanishi maneno ya kweli. Huthibitisha kwamba mwenye ufunguo ndiye aliyetia sahihi na kwamba hakuna kilichobadilishwa, basi. Mwenye duka aliyeuza bidhaa za shilingi laki tano akakata stakabadhi ya elfu hamsini, ametoa stakabadhi ambayo mtambo utaikubali bila kusita. Uongo huo hauonekani kwa hesabu za kompyuta. Huonekana kwa macho ya mnunuzi anayesoma karatasi yake kabla ya kuondoka dukani, akadai iandikwe kiasi alicholipa.

Tatu, ufunguo wa siri ni wa mtu mmoja. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaitambua sahihi ya kielektroniki, na kwa ile iliyo salama inataka iwe chini ya mamlaka ya mwenye kuitia. Mkuu wa ofisi anayemwachia karani ufunguo wake kwa kuwa yeye ana safari, amempa karani mkono wake wa kulia. Siku ya kesi asije akalia.

Nanyi ndugu wa visiwani, msiridhike kwa kuona alama na tarakimu zimepigwa chapa vizuri. Chapa nzuri hata tapeli anayo. Hakikini pale pale dukani, kabla kamba ya mzigo haijafungwa. Hapo kosa likionekana hurekebishwa kwa dakika chache. Likionekana gatini, chombo kimekwisha ng'oa nanga.