Jinamizi Linapokukaba

Macho yamefunguka. Weupe wa alfajiri unauona dirishani, jogoo wa jirani unamsikia, lakini mkono hauinuki wala sauti haitoki. Kitu kimekukalia kifuani. Waswahili husema umekabwa na jinamizi.

Aliyekabwa hasemi uongo. Natanguliza hilo kwa sababu wengi wakisimulia huchekwa, au huambiwa wamerogwa.

Mwaka 1953, Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago walieleza hatua ya usingizi ambamo macho hucheza kasi chini ya kope. Humo ndimo ndoto nzito huotwa. Ubongo nao huzinyamazisha neva zinazoendesha misuli, kwa kemikali za glisini na GABA, usije ukaota unapigana ukampiga mwenzio kitandani. Kuna watu ambao kufuli hilo la misuli limeharibika, nao hupiga kweli. Kwa aliyekabwa, fahamu hurudi kabla kufuli halijafunguka na ndoto haijaisha. Ndiyo maana huona kivuli mlangoni. Misuli ya mbavu imelegea, hivyo akijaribu kuvuta pumzi kwa nguvu kifua hakitii. Lakini kiwambo, msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu, kinaendelea na kazi, na hewa inaingia.

Mapitio ya tafiti ya mwaka 2011 yalionyesha kuwa karibu watu 8 katika kila 100 wamewahi kukabwa. Kwa wanafunzi ni 28, na sishangai: hao ndio wanaokesha.

Hofu ya kukabwa huweza pia kuenea: mwaka 1995 hofu ya Popobawa, shetani aliyesemekana kuwavamia watu usiku, ilianzia Pemba ikavuka hadi Unguja. Wengi walieleza kukandamizwa usiku wasiweze kupiga kelele. Familia zikalala nje, zimezunguka moto. Mjini Zanzibar mtu mgonjwa wa akili aliuawa akidhaniwa ndiye Popobawa. Sisemi kila kilichosimuliwa kilikuwa jinamizi. Ule ulikuwa mwaka wa uchaguzi, na hofu ilikuwa na mizizi mingi. Lakini hofu hukatakata usingizi, na usingizi wa vipande ndio unaozaa kukabwa. Mtu yule hakupaswa kufa.

Tiba huanzia kitandani: kulala na kuamka saa zilezile, na kulala ubavu, maana wengi hukabwa wakiwa chali. Walinzi na wauguzi wa zamu za usiku wana kazi ngumu zaidi hapa. Jinamizi likikupata, usipambane nalo. Mtafiti Baland Jalal hufundisha kujiambia kwamba halina madhara na litapita, kisha kuelekeza moyo kwenye dua au kumbukumbu ya umpendaye, na kuiacha misuli ilegee. Likirudi mara kwa mara, daktari anaweza kutoa dawa za kupunguza usingizi wa ndoto. Na kama mchana unasinzia bila kujizuia, au magoti hulegea unapocheka, nenda upimwe: huenda ni ugonjwa wa usingizi uitwao narkolepsi.

Nawe uliyelala kando ya aliyekabwa, ukisikia anahema kwa shida, mguse begani. Mara nyingi mguso huo humfungua.