Muziki wa Dansi na Muziki wa Klasiki Nchini Marekani, 1938–1946: Suala la Mipaka

1. Utangulizi

Katika uainishaji wa sanaa, ni kawaida kutenganisha muziki wa watu wengi na muziki wa klasiki. Ule wa kwanza huelezwa kuwa ni wa kuchezwa na kuburudisha. Wa pili huelezwa kuwa ni wa kusikilizwa kwa utulivu. Makala haya yanachunguza utenganisho huo kwa kuangalia miaka ya mwisho ya swingi, yaani muziki wa dansi uliopigwa na bendi kubwa za Marekani, na ambao chimbuko lake ni jazi ya Wamarekani Weusi. Hoja ya msingi ni kwamba mpaka kati ya aina hizo mbili ulivukwa mara nyingi, lakini haki ya kuuvuka haikuwa sawa kwa wote.

2. Uazimaji wa nyimbo

Njia nyepesi ya kuuvuka mpaka huo ilikuwa kuchukua sauti ya wimbo wa mtunzi wa klasiki na kuitia mapigo ya dansi. Mwaka 1938 bendi ya Larry Clinton ilitoa "My Reverie", iliyotokana na kipande cha piano cha Debussy. Mwaka 1941 mtindo huo ulipata msukumo wa kiuchumi. ASCAP, chama kilichosimamia hakimiliki za watunzi, kilidai malipo makubwa zaidi kutoka kwa redio, nazo zikakataa. Kuanzia tarehe 1 Januari hadi mwishoni mwa Oktoba, mitandao mikubwa ya NBC na CBS haikurusha nyimbo za wanachama wa chama hicho. Tungo za zamani, ambazo hakimiliki zake zilikuwa zimekwisha, zilikuwa huru kwa kila mtu. Mwaka huo huo bendi ya Freddy Martin ilivuma kwa wimbo uliotolewa katika Koncheto ya Kwanza ya Piano ya Tchaikovsky, mtunzi aliyefariki mwaka 1893.

Uazimaji wa namna hii haukugusa umbo. Wimbo ulibaki wa dakika tatu hivi, kwa kuwa upande mmoja wa sahani ya santuri ya inchi 10 haukuweza kubeba zaidi sana ya hapo.

3. Umbo refu: Duke Ellington

Suala la umbo ndilo lililomshughulisha Duke Ellington. Carnegie Hall ya New York, ukumbi mashuhuri wa muziki wa klasiki, ilikuwa imekwisha kuipokea swingi tarehe 16 Januari 1938, Benny Goodman alipopiga humo. Hata hivyo, sehemu kubwa ya onyesho hilo ilikuwa nyimbo za dansi za kawaida. Tarehe 23 Januari 1943 Ellington aliingia ukumbini humo na jambo jingine: Black, Brown and Beige, utungo wa dakika zipatazo 45 unaosimulia historia ya Wamarekani Weusi. Sehemu ya kwanza inahusu utumwa, na ndani yake wimbo wa kazi unafuatwa na wimbo wa ibada. Ya pili inagusia ukombozi na kuishia katika bluzi. Ya tatu inahusu Harlem ya wakati wa mtunzi mwenyewe. Historia ya namna hiyo isingeweza kuenea katika dakika tatu.

Mapokezi yake ni ya kuzingatiwa. Paul Bowles, mtunzi na mhakiki wa New York Herald Tribune, aliona kwamba utungo hauna umbo, na kwamba majaribio ya kuunganisha jazi na sanaa ya klasiki hayafai kuhimizwa. John Hammond, mtetezi maarufu wa jazi, alihoji kama Ellington hakuwa anaikimbia jazi. Hivyo mmoja alimfungia mlango, na mwingine alimlaumu kwa kutoka nyumbani. Baada ya maonyesho machache ya mwaka huo, Ellington aliacha kuupiga utungo huo mzima. Hata sahani alizorekodi mwaka 1944 zilikuwa na vipande vyake tu.

4. Kutoka upande wa pili

Watunzi wa klasiki nao waliuendea muziki wa dansi. Mwaka 1938 Béla Bartók aliandika Contrasts kwa ombi la Goodman na mpiga fidla Joseph Szigeti. Mwaka 1945 Igor Stravinsky aliandika Ebony Concerto kwa ajili ya bendi ya Woody Herman, ikapigwa kwa mara ya kwanza Carnegie Hall tarehe 25 Machi 1946. Kwenye ala za bendi aliongeza kinubi na pembe ya Kifaransa. Kila noti imeandikwa. Nafasi ya mpigaji kubuni papo kwa papo, ambayo ni roho ya jazi, haimo. Wapo walioisifu kazi hiyo na wapo walioikosoa, lakini hadhi ya Stravinsky kama mtunzi haikupungua kwa kuandikia bendi ya dansi.

5. Hitimisho

Kipindi hicho hakikudumu. Vita viliwachukua wanamuziki, mgomo wa kurekodi ulioanza tarehe 1 Agosti 1942 uliwapa waimbaji nafasi ya mbele, na kodi ya kumbi za dansi ya mwaka 1944 ilipandisha gharama. Kufikia Desemba 1946 Herman na viongozi wengine kadhaa walikuwa wamezivunja bendi zao.

Ellington aliendelea na bendi yake, na suala la haki likaendelea naye. Mwaka 1965 jopo la muziki la Tuzo ya Pulitzer lilipendekeza atunukiwe heshima maalumu. Bodi ya tuzo ikakataa. Heshima hiyo ilitolewa mwaka 1999, miaka 25 baada ya kifo chake. Kwa hiyo istilahi "muziki wa dansi" na "muziki wa klasiki" zatakiwa kutumiwa kwa hadhari. Mara nyingi zinaonyesha muziki unapigwa wapi, na nani anaruhusiwa kuupiga, kuliko zinavyoonyesha muundo wake.