Bunduki Yenye Jicho

Katika nyumba nyingi siku hizi utamkuta kijana ameketi mbele ya televisheni, kashika pedi kwa mikono miwili, na mwili wake wote umetulia ila vidole gumba tu. Wazee huuliza: ni mchezo gani huu usiochezwa na mwili? Waundaji wa michezo nao wamejiuliza hayo zamani, na majibu yao makubwa yalikuwa mawili: bunduki, na rimoti ya kupunga.

Tuanze na bunduki, maana ndiyo kongwe. Mwaka 1936 kampuni ya Seeburg ya Marekani ilitoa mchezo wa kulenga bata, uitwao Ray-O-Lite. Bunduki yake ilitoa mwale wa taa, na bata wa bandia alikuwa na jicho la umeme; mwale ukimgusa, mchezaji huhesabiwa. Nintendo ya Japani ilipotoa Duck Hunt mwaka 1984, mambo yaligeuzwa. Bunduki haikutoa kitu. Yenyewe ndiyo yenye jicho, na televisheni ndiyo itoayo mwanga. Mtoto akifyatua, kioo chote huwa cheusi kwa kitambo kisichofika sehemu moja ya hamsini ya sekunde, kisha mahali pa bata huwa mraba mweupe. Bunduki ikiona giza, halafu weupe, bata ameanguka. Na giza lile lina maana yake: mjanja anayeielekeza bunduki kwenye taa ya dari huona mwanga tangu mwanzo, basi mashine haimhesabii.

Jicho hilo hutegemea televisheni za zamani zenye kisogo kikubwa. Televisheni bapa za leo huchelewesha picha, na bunduki haioni kitu kwa wakati wake. Mzazi anayenunua seti ya mkono wa pili na alijue hilo kabla hajatoa fedha.

Tena liko jambo zito zaidi. Bunduki za kwanza za Nintendo zilizouzwa Marekani zilikuwa za kijivu. Mwishoni mwa miaka ya 1980, sheria ya huko ilipotaka bunduki za kuchezea zipambanuke na za kweli, zikawa za rangi ya chungwa. Umbo linalomfurahisha mtoto sebuleni laweza kumponza barabarani, mbele ya mtu mwenye silaha asiye na wasaa wa kuuliza.

Ama rimoti ya Wii, iliyotoka mwaka 2006, ndani yake mna kipimo cha mwendo, na mbele yake mna jicho. Watu hudhani kile kipande kirefu kiwekwacho kwenye televisheni ndicho kionacho. Sivyo, hicho huwaka tu, kwa mwanga usioonekana na macho yetu. Mtu hupunga mkono kama apigaye tenisi, na mpira huenda. Mara mabibi na mababu walioogopa vitufe wakaingia mchezoni, na katika nyumba za wazee za Marekani na Uingereza wakashindana kuviringisha tufe la kuangusha vigingi. Ziliuzwa mashine zaidi ya milioni 100. Lakini mikono iliyochangamka iliziachia rimoti zikaruka, na Desemba 2006 Nintendo ikatangaza kubadilisha kamba za mkononi milioni 3.2 kwa nyingine nene zaidi.

Vijana hawakukawia kugundua kwamba kutikisa kifundo cha mkono kwatosha, wakarudi kuketi. Kifaa cha kupima mizunguko kiliongezwa mwaka 2009 ili mkono ufuatwe kwa usahihi zaidi. Mwaka 2010 Microsoft ikaleta Kinect, kamera itazamayo mwili mzima, mchezaji asishike chochote. Kufikia 2017 utengenezaji wake ulikoma. Ilitaka nafasi kubwa, khasa kwa vyumba vidogo, na sisi twaona pia kwamba mkono hupenda kushika kitu.

Tukiulizwa ya kuchukua katika nyumba yenye wajukuu na bibi yao, tungetanguliza rimoti kabla ya bunduki. Kamba ifungwe, na meza ya kioo isogezwe kwanza.