Kalamu Kuukuu Isomwe Kabla ya Kununuliwa

Tuseme mwalimu wa Kenyenya, kule Kisii, amekuta kalamu kuukuu ya wino kwenye meza ya mitumba siku ya soko. Muuzaji anaapa kuwa ni Parker halisi ya zamani. Je, mwalimu alipe bei ya Parker? Jibu halimo kinywani mwa muuzaji. Limechorwa kwenye kalamu yenyewe.

Majina huhama. Neno kalamu tulilitwaa kutoka Kiarabu, na asili yake ni unyasi uliochongwa ili kuandikia. Unyasi ulitoweka, jina likabaki. Abagusii nao wakalipa umbo la lugha yao, ekaramu. Kwa hiyo jina litamkwalo sokoni si ushahidi wa kitu.

Chukua mfano wa Hero 616 ya China. Iliundwa kwa kuiga Parker 51, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1941. Zote mbili zina ncha iliyofunikwa, ikachomoza kidogo tu. Asiyechunguza atadhani ni pacha. Hata hivyo, tazama kifuniko: kwa kawaida Hero hubeba jina lake, pengine kwa alama mbili za Kichina zenye maana ya shujaa. Anayeziona alama hizo kuwa pambo tu atalipa bei ya Parker.

Tahadhari pia na neno Iridium kwenye ncha. Wengi hulidhania kuwa jina la kampuni. La hasha! Ni jina la madini, na hapo huashiria kitone kigumu kilicho mwisho wa ncha. Dhahabu hutambulishwa kwa alama kama 14K, yaani sehemu 14 za dhahabu katika 24. Rangi ya manjano pekee haithibitishi lolote.

Parker nyingi zilizotengenezwa tangu 1980 zina herufi ya mwaka kwenye kifuniko. Herufi kumi za QUALITYPEN husimamia tarakimu 0 hadi 9. Basi U ni 1. Lakini je, ni 1981 au 1991? Herufi peke yake haitoshi. Sharti ilinganishwe na umbo la kalamu na nchi iliyoandikwa.

Waama, Hero si aibu. Ikioshwa kwa maji baridi, ikajazwa wino wa kalamu badala ya wino mzito wa kuchorea, huweza kumwandikia mwanafunzi insha nyingi. Aibu ni kuiuza kwa jina la nyingine.

Walimu wenzangu, ileteni kalamu kama hiyo darasani. Mwanafunzi aulizwe: imeandikwa nini, na aliyeandika alitaka tuamini nini? Akizoea kuuliza hivyo juu ya kalamu, atauliza vivyo hivyo juu ya gazeti, mkataba na ahadi ya mwanasiasa. Wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza.