Senti Thelathini: Jinsi Motokaa Zilivyoanza Kuwachukua Watu wa Eastlands

Katika Barabara ya Kenyatta mjini Nairobi upo mnara mdogo unaoonyesha umbali wa miji mbalimbali. Ulijengwa mwaka 1939 kumkumbuka Lionel Galton-Fenzi, mwanzilishi wa chama cha wenye motokaa katika Afrika ya Mashariki, ambaye mwaka 1926 aliendesha gari kutoka Nairobi mpaka Mombasa, wakati sehemu kubwa ya njia hiyo ilikuwa pori tupu. Safari hiyo husifiwa sana, na ni haki yake. Lakini katika miaka iyo hiyo mkaazi wa Pumwani, mtaa uliotengwa kwa Waafrika tangu mwanzo wa miaka ya 1920, alikwenda kazini kwa miguu, na jioni akarudi kwa miguu.

Mabasi yalikuja mwaka 1934, wakati kampuni moja ya Kiingereza, Overseas Motor Transport, ilipoanzisha Kenya Bus Service kwa magari 13. Mji nao ulizidi kukua upande wa mashariki: Shauri Moyo, Ziwani, Kaloleni, kisha Bahati, Mbotela, Ofafa na Jericho. Mitaa ya baadaye ilijengwa mbali zaidi na mji, na Barabara ya Doonholm, ambayo sasa huitwa Jogoo Road, ikajaa kila alfajiri watu wa miguu na wa baisikeli. Mabasi yalikuwapo, lakini mwenye mshahara mdogo alipohesabu nauli ya kwenda na kurudi kwa mwezi mzima, aliona ni heri senti hizo zinunue unga.

Tena basi liliingia katika siasa. Mwaka 1953, wakati wa Hali ya Hatari, Mau Mau walitoa amri Waafrika wa Nairobi wasipande mabasi. Aliyepanda aliogopa kuonekana, kwa hiyo wengi walitembea.

Hata hivyo haja ya usafiri haikuisha. Mnamo mwisho wa miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960, watu waliokuwa na motokaa kuukuu walianza kuchukua abiria kwa siri. Gari lilikuwa bovu, nyuma yake zimefungwa mbao za kukalia, na abiria aliyetaka kushuka aligonga bodi. Nauli ilikuwa senti 30, yaani sarafu tatu za senti 10, zile zilizokuwa na tundu katikati. Kwa Kikuyu ziliitwa mang'otore matatu, na neno la mwisho likawa jina la gari lenyewe. Senti hizo zilikuwa haba, lakini dereva aliyezipokea alivunja sheria, maana hakuwa na leseni ya kuchukua abiria. Alipoona polisi aligeuza njia, na abiria wakachelewa pamoja naye.

Mwaka 1966 Baraza la Jiji lilichukua asilimia 25 ya hisa za kampuni ya mabasi, nayo kampuni ikapewa haki ya peke yake ya kuchukua abiria mjini. Haki hiyo ilikuwa nzuri katika karatasi. Katika mitaa ya Eastlands matatu ziliendelea. Mwisho, mwaka 1973, Rais Jomo Kenyatta alitangaza kwamba zinaweza kufanya kazi bila leseni hiyo. Matatu zikaongezeka upesi sana, na ajali nazo zikaongezeka, kwa kuwa hakuna aliyelazimishwa kukagua breki wala kuhesabu watu waliomo. Sheria ya mwaka 1984 ilileta leseni na ukaguzi.

Amri kali zaidi zilianza kutumika Februari 2004: mikanda ya kiti, kifaa cha kuzuia mwendo, mstari wa manjano ubavuni, na abiria wasizidi viti. Gari ambalo halikutimiza masharti lilizuiwa kuingia barabarani, na siku hizo za kwanza watu wengi wa Eastlands walikwenda tena mjini kwa miguu.